Maswali tunayoulizwa kila siku sisi wanaume manasi hapa Uganda

Huu ni mwaka wangu wa 11 nikiwa nasi, yaani muuguzi. Nimezaliwa Busia upande wetu huu wa Uganda, nikasoma dipoloma, nikafanya kazi miaka minne kwenye kituo cha afya ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale kule Isingiro, saa hii niko wodi ya upasuaji ya hospitali moja ya mjini. Haya maswali nimeulizwa na wagonjwa, maatendanti (ndugu wanaokaa wodini kuwauguza), mashemeji, vijana waliomaliza S.4 (sekondari mwaka wa nne), hata askari mmoja aliyesimamisha matatu yetu usiku akaona yunifomu. Nimeyaweka vile yanaulizwagwa, hata yale yanayouma, manake najua kuna mtu anataka kuuliza na anaona aibu.

Wewe ni daktari ama nasi?

Nasi. Naanza na hili kwa sababu ndilo linanifuata kila siku ya Mungu. Naingia wodini na sista mwenzangu, yeye ana digrii, ana miaka 17 kwa hii kazi, ndiye aliyenifundisha kufunga vidonda vikubwa, mimi nimebeba trei ya dawa tu, lakini atendanti ananyanyuka kwenye mkeka anakuja moja kwa moja kwangu, "daktari, mgonjwa wetu anaendeleaje?" Sista wanamwambia alete shuka.

Mwanzo sikuwa nawarekebisha. Ukweli ni kwamba nilipenda. Umetoka shule juzi, mshahara wa kwanza haujaingia, viatu vimeisha soli, alafu mzee wa miaka 70 anavua kofia anakuita daktari, moyo unajaa. Kilichonitoa huko ni mama mmoja aliyekuwa anamuuguza mume wake, mguu una kidonda cha sukari. Alinikuta koridoni akaniuliza, "daktari, mguu utakatwa?" nikamwambia hapana mama, kidonda naona kinaendelea vizuri, hautakatwa. Nilisema kwa roho safi, nilitaka alale. Kesho yake daktari wa upasuaji kwenye raundi akasema mguu lazima utoke. Yule mama akasema mbele ya watu wote, "lakini daktari alituambia hautakatwa", akanionyesha kwa mkono. Familia ikaona madaktari wenyewe hawaelewani, wakakataa kutia sahihi siku tatu wakingoja mjomba atoke Soroti aamue. Mjomba alipofika ugonjwa ulikuwa umepanda, wakakata juu ya goti badala ya chini.

Toka hapo mtu akiniita daktari nasema saa hiyo hiyo, "mimi ni nasi, daktari anapita saa nne, swali lako tutamuuliza pamoja." Kuna wanaonichukia kwa hilo, wanaona nimewaangusha. Na kuna manasi wanaume wenzangu wanaoniambia naharibu soko. Mimi siwezi kurudi kule.

Mbona watu wanachanganya hivo lakini?

Angalia namba tu utaelewa. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2019 za nchi 104, na kwa upande wa Afrika likakuta kati ya madaktari 100, wanaume ni 72. Kwahiyo mtu kijijini maisha yake yote daktari aliyemuona ni mwanaume na nasi aliyemuona ni mwanamke, akiona suruali na koti jeupe kichwa kinamaliza chenyewe. Yule daktari mwanamke naye anaumia palepale, amesoma miaka mitano ya digrii na intaniship juu, anaitwa sista anaombwa bedpani. Hili jambo linatupiga pande mbili, ila upande wangu linanipa sifa nisizostahili na upande wake linamnyang'anya zake, hatuumii sawa.

Kwani mpo wengi?

Kuliko unavyodhani. Dunia nzima, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 ilisema manasi karibu 90 kwa kila 100 ni wanawake. Lakini ile hesabu ya 2019 kwa Afrika ilikuta wanaume ni 35 kwa kila 100, wakati bara la Amerika ni 14 tu. Kwahiyo huyo jamaa anayekwambia "wazungu ndio wameleta mambo ya wanaume kuwa manasi" mwambie sisi tunawashinda mbali. Sababu naziona mwenyewe: huku kwetu nasi ni kazi ya serikali, ina pensheni, na kituo cha mbali kisicho na stima wala nyumba ya kulala mara nyingi anayekubali kupelekwa ni kijana mwanaume asiye na mtoto. Ukienda vituo vya huko ndani Karamoja ama kwenye makambi ya wakimbizi utatukuta. Ukija hospitali kubwa za Kampala ndio unakuta mwanaume mmoja kwenye shifti ya manasi saba.

Si hii kazi iliumbwa kuwa ya wanawake?

Iliumbwa na nani? Shule ya Florence Nightingale pale St Thomas' London ilifunguliwa mwaka 1860 na ilikuwa ya wanawake tu, na kwa sababu Waingereza ndio walituletea hospitali, wakatuletea na hiyo sura. Hospitali ya Mengo ilipoanza mwaka 1897 ilikuwa Dokta Albert Cook ndiye daktari na Bi Katharine Timpson ndiye nasi, mwanaume anatibu, mwanamke anauguza, na picha hiyo ikabaki ukutani mwa vichwa vyetu. Neno lenyewe "sista" limetoka huko.

Lakini kabla ya hapo wanaume waliuguza karne nyingi. Wakatoliki wanamjua Mtakatifu Camillus de Lellis, alikuwa askari, mcheza kamari, mguu wake ulikuwa na kidonda ambacho hakikupona hadi anakufa Roma mwaka 1614, akaanzisha shirika la wanaume wa kuhudumia wagonjwa, na Kanisa likamfanya msimamizi wa wagonjwa na wauguzi. Huwa namfikiria nikifunga vidonda vya miguu. Na hata hapa kwetu wakati wa wakoloni, kwenye zile dispensari za vijijini aliyekuwa anaosha kidonda na kukupa dawa alikuwa dresa, na dresa alikuwa mwanaume. Wazee wetu walihudumiwa na wanaume bila maneno, sijui tulisahau saa ngapi.

Ulikosa pointi za udaktari ndio ukaishia hapo?

Hili ndilo linaniudhi kuliko yote, nisamehe. Hapana. Sikuwahi kuomba udaktari. Nilipokuwa S.2 shangazi yangu aliungua na parafini, tukakaa naye hospitali wiki sita, na kwa wiki hizo sita daktari tulimuona labda dakika kumi kwa siku. Saa zilizobaki zote alikuwepo nasi. Ndiye alijua shangazi hali posho (ugali) kama haina mchuzi mwingi, ndiye aligundua usiku kwamba homa imerudi, ndiye alimwambia ukweli kuhusu kovu la uso. Nikasema nataka kuwa huyo mtu.

Udaktari na uuguzi si ngazi moja ambapo mmoja ameshindwa kupanda. Daktari anatafuta ugonjwa ni gani na anaamua tufanye nini. Sisi tunakaa na mwili wa mtu masaa 24, tunapima presha, tunageuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala, tunaona mkojo umebadilika rangi, dripu imevimba, mtu amenyamaza kuliko jana. Ukimwambia mwanaume nasi "utasoma lini uwe daktari" unadhani unampa moyo. Sista wangu wa digrii hajawahi kuulizwa hilo swali hata siku moja.

Mwanaume atamuogeshaje mke wangu? Atamwekaje katheta?

Swali la haki, usione aibu kuliuliza. Ngoja nieleze vile inafanyika inavyotakiwa, ukiona mahali hawafanyi hivi una haki ya kusema.

Kwanza naomba ruhusa, na naomba kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa mume wake. Najitambulisha jina langu na kwamba mimi ni nasi, namwambia nataka kufanya nini na kwa nini, na namwambia kwamba kuna sista akitaka afanye yeye badala yangu. Akisema anataka sista, naita sista, hakuna kununa, hakuna kumwambia "mimi nimeona wengi". Akikubali, bado simshiki peke yangu. Anasimama mwanamke mwingine wa wodi pale, pazia linavutwa, nafunua sehemu ninayofanyia kazi tu, sehemu ingine inabaki kwenye shuka. Nikimaliza namfunika kabla ya kuvua glavu. Alafu naandika kwenye faili nimefanya nini, saa ngapi, na nani alikuwepo. Hiyo inamlinda yeye na inanilinda mimi, manake mwanaume nasi akisingiziwa hana pa kujificha.

Shida inakuja usiku. Unakuta niko peke yangu na wagonjwa 40, sista aliyekuwa awe na mimi ameitwa thieta, chumba cha upasuaji. Mama anahitaji katheta, kibofu kimejaa anapiga kelele. Hapo nampigia in-chaji, yaani mkuu wa wodi, namuita hata askari wa kike wa getini asimame, namuita atendanti wake wa kike. Ikishindikana kabisa na ni hatari namuuliza yeye mwenyewe. Kule Nakivale nilikuwa na wamama kutoka Kongo, wengine walifanyiwa na wanaume wenye bunduki mambo ambayo siyaandiki hapa. Mama mmoja nilipokaribia kitanda tu alianza kutetemeka, sijasema neno. Nilirudi nyuma nikakaa chini kwenye sakafu, mbali, nikaongea naye kwa Kiswahili chake cha Kivu vile nilivyoweza, nikamwambia mimi sitakugusa, sista anakuja asubuhi, usiku huu mimi nitakaa tu hapa mlangoni nikuchungie mlango. Sista alipokuja ndio alisafishwa. Wiki ya tatu aliniita mwenyewe nimfunge kidonda cha mkono. Sikumwambia mtu siku hiyo ila sijaisahau.

Na Waislamu wengi wanapenda mwanamke ahudumiwe na mwanamke, mwanaume na mwanaume. Sioni kosa hapo. Kazi ya wodi ni kupanga shifti ili hilo liwezekane, si kumfanya mgonjwa ajisikie msumbufu.

Na leba? Mwanaume anaruhusiwa kuzalisha?

Ndio, na wakunga wanaume wapo Uganda, wachache lakini wapo. Hata manasi wa kawaida wakati wa shule tunapita leba kujifunza. Mimi nilikuwa na hofu kuliko wamama wenyewe. Unajua kilichonishangaza? Mama akiwa na uchungu wa kweli haangalii kama wewe ni mwanaume, anaangalia kama mkono wako una haraka ama una subira. Wanaokataa mara nyingi ni bibi wa nje ya mlango na mama mkwe. Mama mmoja aliniambia anapendelea mwanaume, nikamuuliza kwa nini, akasema mwanaume hajawahi kuzaa kwahiyo hawezi kumwambia "vumilia, hata mimi nilivumilia". Hilo neno nililibeba. Siwezi kumwambia mtu maumivu yake ni madogo wakati siyajui.

Wagonjwa wanaume nao wanafurahi kukuona?

Wengi sana. Mzee ambaye mkojo umeziba siku mbili kwa sababu ya tezi, tumbo limejaa kama ngoma, analetewa kasista ka miaka 22 kanayefanana na mjukuu wake, anasema nimepona, nirudisheni nyumbani. Nikiingia mimi anashusha pumzi. Vijana wenye magonjwa ya zinaa wananifuata hadi kwenye parkingi waniulize. Kazi ya tohara pia, tangu serikali ilipoweka sera yake mwaka 2010 ya tohara salama kwa ajili ya kupunguza HIV, wanaume manasi tumefanya sehemu kubwa ya hiyo kazi kwenye makempu ya tohara, na vijana wanakuja kwa sababu wanajua watakuta mwanaume mwenzao.

Lakini si wote. Kuna mzee mmoja alikataa kabisa, akasema katika maisha yake hakuna mwanaume aliyewahi kumgusa hapo na hataanza leo, aletewe mwanamke. Tukamletea. Ni mwili wake.

Ni kweli mnabebeshwa kazi za nguvu?

Ndio. Mgonjwa wa kilo 110 anatakiwa kugeuzwa, "yuko wapi yule kijana?" Mitungi ya oksijeni, mimi. Mlevi amekuja na panga kichwani anapigana, mimi. Maiti kupelekwa mochwari usiku, mimi. Rafiki zangu waliosomea magonjwa ya akili na kupita hospitali ya Butabika wanasema kule ni zaidi, ukiwa mwanaume unahesabiwa kama ukuta. Mgongo wangu una miaka 38 lakini asubuhi nikiamka una 60.

Sasa sikatai kusaidia. Ninachokataa ni wodi kutokuwa na shuka za kubebea na watu wa kutosha alafu mwili wangu unakuwa ndio vifaa. Na kingine, ukinifanya mimi wa kubeba tu, naanza kukosa ile kazi ya kukaa na mgonjwa, kuongea naye, kumlisha. Wanafunzi wanaume wanaokuja wodini nawaona, mwezi mzima wamesukuma vitanda, hakuna aliyewafundisha kumuogesha mtu mwenye huzuni.

Wanasema mnapandishwa vyeo haraka kushinda wanawake, ni uongo?

Si uongo. Naumia kulisema lakini si uongo. Kuna mtafiti Mmarekani, Christine Williams, aliandika mwaka 1992 kuhusu wanaume kwenye kazi zenye wanawake wengi, manasi, walimu wa shule za msingi, akasema mwanaume akiingia huko ni kama amesimama kwenye zile ngazi za umeme za mall, hata asipotembea zinampandisha. Nilipoisoma nikanyamaza siku nzima.

Manake mimi nilifanywa in-chaji wa wodi nikiwa na miaka mitatu tu kwenye hii wodi. Yule sista wa miaka 17 alikuwepo. Aliyenichagua aliniambia, "wewe huna mimba, huna mtoto mgonjwa, utakuwepo." Nilikuwa na mtoto wa miezi minne nyumbani. Hakuna aliyewaza kuniuliza. Nilikubali kile cheo, nilihitaji ile nyongeza, na nilimwangalia yule sista akinisalimia asubuhi "in-chaji" bila kinyongo. Baada ya mwaka nilikwenda ofisini nikaomba achukue yeye, wakadhani nimegombana na mtu. Alichukua, na ile wodi ikawa na utaratibu ambao mimi sikuwahi kuuweza.

Usinielewe vibaya, sisemi mwanaume asiongoze. Justus Cherop Kiplangat amekuwa rais wa chama chetu cha wauguzi na wakunga na amesimama kwenye mambo ya mishahara mbele ya wakubwa, na wamama wengi ndio waliompigia kura. Ninachosema ni kwamba wakikuita kupanda, angalia kwanza nani alikuwa mbele yako kwenye foleni.

Yunifomu yenu ikoje?

Shati na suruali. Wanawake ndio wana gauni na mshipi. Fupi tu.

Mwanaume nasi si mwanaume kamili, ama?

Nina mke, nina watoto watatu, na hata ningekuwa sina bado jibu lingekuwa lile lile. Kumsafisha mtu asiyejiweza hakujapunguza kitu kwangu.

Familia ya mke ilisemaje?

Mke wangu ni wa kabila la Waganda, wa Masaka. Siku ya kwanjula, yaani ya kujitambulisha kwao kabla ya ndoa, msemaji wetu, mtu mwenye mdomo mtamu kweli, alisimama mbele ya mahema mawili yamejaa watu akasema "tumewaletea daktari!" Wamama wakapiga vigelegele. Mimi nimekaa na kanzu yangu natoka jasho. Baba mkwe akacheka kwa furaha akasema sasa presha yake imepata mwenyewe.

Ungefanyaje? Kusimama kumkatiza msemaji ni aibu kubwa, na kunyamaza ni ile koridoni tena na yule mama wa mguu. Nilinyamaza mbele ya watu. Lakini jioni, zawadi zimeshahesabiwa, nikaomba kuongea na baba mkwe pembeni, nikapiga magoti vile kwao wanavyofanya, nikamwambia baba, mimi ni nasi, si daktari, msemaji alizidisha, na sitaki nikutibu presha kwa jina lisilo langu. Alinyamaza muda mrefu. Mke wangu aliniambia baadaye yeye alikuwa anasikiliza dirishani anaomba Mungu. Mzee akaniuliza, "nasi anaweza kupima presha?" nikasema ndio baba, ndiye anayepima. Akavuta mkono wa kanzu akaninyoshea mkono. Ilikuwa 170 kwa 100, nikampeleka kwa daktari Jumatatu yake.

Huogopi magonjwa? Ebola kwa mfano?

Naogopa. Asiyeogopa simtaki kwenye shifti yangu, atasahau glavu. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu iliua watu 224, na wahudumu wa hospitali ya Lacor walikuwa miongoni mwao, mpaka Dokta Matthew Lukwiya mwenyewe aliyeongoza ile vita, alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Watu wanamkumbuka yeye na wanafanya vizuri. Sisi tunawakumbuka pia manasi waliotangulia kabla yake, wanawake kwa wanaume.

Alafu Januari 2025, Ebola ya aina ya Sudan ikarudi, safari hii Kampala. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa mwanaume wa miaka 32, nasi wa hospitali ya Mulago. Alifariki tarehe 29, serikali ikatangaza tarehe 30. Nilikuwa kwenye naiti, simu zikaanza kulia wodi nzima. Tangazo lilisema nasi mwanaume. Nilisoma lile neno mara nyingi sana usiku ule.

Nataka kusoma, naanzia wapi?

Ukiwa na S.4 yenye bayolojia na kemia umepasi vizuri, unaweza kuanza sertifiketi, miaka miwili na nusu. Dipoloma ya moja kwa moja ni miaka mitatu, na ukishafanya kazi na sertifiketi unaweza kurudi kuongezea. Digrii ilianza Makerere mwaka 1993 na siku hizi iko vyuo vingi, miaka minne na intaniship juu. Shule zipo kila pembe, za serikali, za misheni, za praiveti. Kabla hujalipa hata shilingi hakikisha shule imetambuliwa, nimeona vijana wamemaliza ada alafu hawaruhusiwi kukaa mtihani wa kitaifa. Ukimaliza unasajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, lile lililowekwa na sheria ya 1996, na laiseni utaendelea kuilipia kuirenyu. Bila laiseni usiguse mgonjwa, hata kwenye klinika ya rafiki yako ya mtaani.

Ushauri wangu kwa kijana mwanaume: shuleni utapendwa. Matyuta watakuita "dokta wetu", wasichana wa darasa watakuchagua kiongozi wiki ya kwanza. Kataa lile jina mapema, kabla halijakuzoea.

Na kwenda nje?

Wengi wanaenda, nchi za Waarabu, Uingereza. Uganda iko kwenye ile orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu, kwahiyo Uingereza haitakiwi kuja kuvuna manasi hapa, ila mtu mwenyewe akiomba kazi haikatazwi. Ajenti akikudai pesa ya kukutafutia kazi huko, kimbia. Simlaumu anayeenda. Wawili wa darasa langu wako huko na wananiambia kule nasi mwanaume ndio anashangaza watu zaidi kuliko hapa.

Sasa tuwaite nani?

Waganda wana neno zuri, musawo, linamtosha kila mtu wa hospitali na halijali suruali wala gauni. Wakongo kule Nakivale walikuwa wanasema munganga. Kama hujui aliyesimama mbele yako ni nani, muulize, "samahani, wewe ni nani hapa leo?" hakuna wa kukasirika. Mimi ukiniita nasi nageuka. Na ukitaka habari za kidonda cha mgonjwa wako asubuhi hii usinifuate mimi kwa sababu ya ndevu, muulize sista yule wa kitanda cha nne, ndiye aliyekifunga.